ROKETI ZA NGOMENI: MBONA HATUFUNZWI?

Leo nina neno, na naomba wahariri wasinikate.

Muulize mwanafunzi yeyote hapa roketi hurushwa wapi, atakwambia Marekani ama Urusi. Mwambie Malindi, atacheka mpaka amwage githeri. Lakini ni kweli tupu! Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini, San Marco na Santa Rita. Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio waliyaweka huko miaka ya sitini. Kati ya 1967 na 1988 roketi za Kimarekani aina ya Scout zilipeleka setilaiti 9 angani kutoka hapo. Baadaye, kimya.

Kwa nini waje kwetu? Hawakufuata madafu. Walifuata ikweta. Dunia hujizungusha, na penye ikweta mbio zake hufika kama kilomita 1,670 kwa saa. Mnamjua makanga wa matatu za Kawangware: akiruka gari likiwa mbioni, miguu ikigusa chini lazima aendelee kukimbia, maana mbio za gari tayari anazo. Roketi nayo huondoka na mbio za dunia, bure bila nauli. Basi mali iliyotafutwa ilikuwa yetu.

Setilaiti moja ndiyo inayoniuma. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku tulipotimiza miaka 7 ya uhuru, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka kwa nyota, ambazo hewa huzizuia zisifike huku chini. Habari zake ndizo zilizowafanya wataalamu washuku kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno letu la Kiswahili limezunguka dunia, lakini katika vitabu ninavyobeba mimi halimo.

Kuna watakaosema, ati mtoto wa Kibera roketi ya nini, na maji yenyewe ananunua kwa mtungi? Nawapinga kabisa. Nendeni Gatwekera muone vijana wanavyofufua redio zilizokufa kitambo, bila cheti wala mwalimu. Hao mkiwapa fizikia ya kweli watashindwa na nini?

Aprili 2023 setilaiti yetu Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Yaani sisi wenye ikweta tulienda kuomba lifti ugenini! Sisemi majukwaa yale yafufuliwe, chuma cha baharini huzeeka na roketi ni ghali. Lakini kituo cha nchi kavu pale Ngomeni bado kinafanya kazi, kinawasiliana na setilaiti. Serikali ikikaa na Waitaliano, iwadai nafasi za masomo, na zisiishie kwa shule kubwa za bweni peke yake.

Tena ziara za shule zikienda Pwani huishia Fort Jesus na Gede. Kutoka Gede kwenda Ngomeni si safari ya kutisha. Mwalimu wa Jiografia, ukisoma haya, Kidato cha Tatu tuko tayari. Viti visipotosha, tutabanana.