Matangani Mada ni Arsenal
Matanga ni kikao cha wafiwa na majirani baada ya mazishi. Kwa Waislamu wa Mombasa maiti huzikwa siku ile ile ikiwezekana, kisha hukaliwa siku tatu, wanaume nje juu ya majamvi na viti vya kukodi, wanawake ndani. Siku ya tatu husomwa hitima, watu hula, tanga likaanuliwa. Hakuna kikao kingine kinachokusanya mtaa mzima kwa ajili ya kifo, na huko nje kwa wanaume kifo chenyewe ni mwiko.

Ushahidi ulipatikana wiki hii Mwembe Tayari, chini ya turubai lililoziba nusu ya njia. Kijana mfiwa, ametoka tu makaburini Kikowani, alianza kueleza jinsi babake alivyougua, jinsi alivyokuwa akiuliza usiku kama fulani amemsamehe, na jinsi watu wa nyumbani walivyojifanya wamelala. Hakumaliza. Mzee mmoja asiyekosa matanga, anayejulikana kwa kofia yake na kwa kutobanduka kwenye dele la kahawa, alimkata kauli: "Kazi ya Mola haina makosa, mwanangu." Akanyoosha finjani ijazwe, akaulizia kashata, na mazungumzo yakaenda Arsenal, yakapitia bei ya unga, yakarudi Arsenal. Kijana alibaki akichambua ukindu wa jamvi.

Maneno yale ni ya imani, hayana ila. Ila iko kwa anayeyatumia kumziba mtu mdomo. Chanzo ni woga: wanaume wa pwani wanaogopa kulia hadharani kuliko wanavyoogopa kaburi. Ndani kwa wanawake husimuliwa saa ya mwisho, nani alikuwapo, nani alichelewa, marehemu aliomba nini. Mjane anayeanza eda ya miezi minne na siku kumi hupata wa kumweleza yatakayomkuta. Wanaume huita hayo umbea.

Ulaya wamelazimika kubuni kikao kama hicho cha wanawake. Msosholojia wa Uswisi, Bernard Crettaz, alianzisha mkahawa wa kuzungumzia mauti mwaka 2004, na Jon Underwood akafuata London mwaka 2011: watu wasiojuana, chai, keki, na kifo mezani. Mwembe Tayari watu wanajuana, na kahawa ni bora.

Hasara ya kunyamaza huja baadaye. Hadithi ya Mtume inamtaka Mwislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila wasia ulioandikwa. Madeni na amana zisizotajwa hungoja Mahakama ya Kadhi, ambayo katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua kwa mirathi ya Waislamu wanaoikubali. Huko ndugu humzungumzia marehemu kwa sauti kubwa, mbele ya karani. Kesi ngumu ni za zile nyumba bila ardhi za Mombasa, ambapo kuta ni za marehemu na kiwanja ni cha mtu mwingine. Asiyesema angali hai nani atalipa kodi ya ardhi, na nani atalala chumba kipi, huwaachia watoto ugomvi wenye paa la mabati.

Mzee wa dele anayo nyumba ya namna hiyo, na wake wawili wasiosalimiana. Hajaandika hata mstari. Akiulizwa, hujibu kwamba habari hizo ni mkosi kuzitaja mbele ya chakula.