Ulimwengu wa Mitambo: Kupunguza Mzigo wa Injini Asubuhi ya Baridi

Huko Kinangop, ambako nchi imeinuka zaidi ya meta 2,400 juu ya bahari, jalidi huanguka usiku wa Januari na Februari kama mbingu hazina mawingu. Mkulima aamkapo alfajiri huyakuta majani yamekuwa meupe. Madebe ya maziwa yamekwisha kujaa, na lori halina budi kufika kituoni kabla ya jua kupanda, maana maziwa hayangoji mtu. Dereva hugeuza ufunguo; starta huguna mara mbili, kisha kimya. Mwenye lori huilaumu betri, akanunua nyingine, na baridi irudipo taabu ni ile ile.

Yafaa kwanza kuelewa asili ya taabu hiyo. Mafuta ya injini yapatapo baridi huwa mazito, na vyuma vilivyomo ndani yake huzunguka kwa shida. Tena betri yenyewe hudhoofika: baridi ifikapo digrii 0 za sentigredi hutoa kama theluthi mbili tu ya nguvu inayotoa katika joto la digrii 27. Zaidi ya hayo, injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha mafuta; hutegemea joto la hewa iliyobanwa katika silinda mpaka ikawa kama sehemu moja ya 16 au ya 20 ya ukubwa wake wa kwanza. Injini ikizunguka polepole, hewa huvuja na joto lake hunyonywa na chuma baridi. Basi dizeli haiwaki. Katika nchi za juu hewa nayo ni nyepesi, na shida huzidi.

Walakini liko jambo jingine lisiloangaliwa na wengi, nalo ni mzigo. Starta haizungushi injini peke yake. Kwa mikanda na meno ya chuma, huzungusha pia vyombo vilivyofungwa kwake, kama vile pampu ya kuinulia bodi la lori, ambayo saa hiyo hukoroga mafuta mazito bila ya kufanya kazi yoyote.

Hapo ndipo ifaapo klachi ya sumaku ya umeme. Ndani yake mna koili ya waya wa shaba, karibu na kapi lizungushwalo na mkanda. Umeme upitapo katika waya huo, chuma hugeuka sumaku, kikavuta kisahani kilichofungwa kwenye shina la pampu. Kisahani hushikamana na kapi, na pampu huzunguka. Umeme ukatwapo, nguvu ya sumaku hutoweka, springi hukirudisha kisahani mahali pake, na kapi huzunguka bure. Klachi ya namna hii imo katika motokaa nyingi zenye mtambo wa kupoza hewa.

Dereva huwasha injini swichi ya klachi ikiwa imezimwa, huiacha ipate joto, ndipo aiunganishe pampu wakati injini inapozunguka polepole. Akiiunganisha kwa mwendo wa kasi, kisahani huteleza na kuungua. Wala si kila chombo kiwezacho kutengwa: pampu ipelekayo mafuta ya kulainisha injini haina budi kuzunguka tangu mwanzo.

Asiye na klachi hiyo asikate tamaa. Mwenye trekta aweke gia huru, akanyage klachi ya mguu anapowasha, na ahakikishe kuwa mtambo wa kuendeshea mashine za nyuma umefunguliwa. Atumie mafuta ya uzito ulioandikwa katika kitabu cha injini. Asishike ufunguo kwa muda mrefu. Akijaribu kwa sekunde 10 bila ya kufaulu, aipumzishe starta kwanza. Na asithubutu kukoka moto chini ya injini, kwani wengine wamepoteza gari na banda kwa njia hiyo.

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dereva aliyeketi hahisi uzito wa mzigo unaovutwa na starta. Lakini akiupunguza, betri yake itadumu na maziwa yatafika mapema.