MOSHI UONDOKE, KAZI IBAKI

Wanachama wenzetu,

Kuna neno linalosemwa sana siku hizi na wakubwa wa jiji letu la Nairobi, nalo ni nishati safi. Maana yake si ngumu. Wanataka magari, majiko na viwanda viache kutoa moshi, na mahali pa dizeli, makaa na mafuta taa tutumie stima, gesi na nguvu za jua. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imeamuru kila kaunti itengeneze mpango wake wa nishati na kuupeleka kwa Waziri. Tena Nairobi ina mpango wake wa hali ya hewa wa miaka 2020 hadi 2050, unaogusa majengo, usafiri na taka. Basi jambo hili si porojo. Limo katika sheria na katika karatasi za wakubwa, na siku moja litabisha hodi mlangoni kwa kila mmoja wetu.

Baadhi yenu mmetuuliza: chama kinasema nini? Je, tulipinge?

Jibu letu ni hili. Hatulipingi. Twalitaka, kwa maana moshi huu ni sisi tunaoula. Dereva wa matatu anauvuta tangu alfajiri hata usiku. Mama anayepika kwa makaa katika chumba kimoja kule Mukuru au Mathare anauvuta yeye pamoja na watoto wake. Mwenzetu anayechambua taka kule Dandora anauvuta mchana kutwa. Tajiri akiona moshi umezidi hufunga dirisha la gari lake. Sisi hatuna dirisha la kufunga. Kifungu cha 42 cha Katiba chasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na mfanyakazi ni mtu.

Lakini kuutaka moshi uondoke si sawa na kutia sahihi karatasi ambayo hatujaisoma. Hebu tulitazame jambo lenyewe.

Stima inayotumika Kenya kwa sehemu kubwa ni safi tayari. Mvuke wa Olkaria umekuwa ukizalisha stima tangu mwaka 1981. Iko mitambo ya maji katika mto Tana, na upepo wa Turkana. Zaidi ya sehemu 8 katika kila 10 za stima inayozalishwa nchini hutoka katika nguvu za namna hiyo. Basi moshi wa Nairobi watoka wapi? Watoka barabarani, watoka jikoni, na watoka jaani. Na mahali pote patatu pana watu wanaopata ugali wao hapo. Kwa hiyo, ndugu, anayepanga kuondoa moshi wa Nairobi anapanga kazi zetu, hata kama neno "mfanyakazi" halimo katika karatasi yake.

Tuanze na barabara. Basi la stima si ndoto. Yapo tayari Nairobi, mnayaona yakipita kimya kimya. Mji wa Shenzhen, huko China, ulimaliza kubadili mabasi yake yote ya umma, zaidi ya 16,000, mwishoni mwa mwaka 2017. Lakini basi la stima halina injini ya kufungua, halina pampu ya dizeli, halibadilishwi oili ya injini. Nenda Grogan na Kirinyaga Road uwatazame mafundi waliojifunza kazi kwa mikono, wengi bila cheti hata kimoja. Ujuzi wao wote umo katika injini ile ambayo mpango wataka iondoke. Naye dereva na makanga wake, wengi hawana barua ya kazi wala mshahara wa mwezi. Wana kiasi cha kumpelekea mwenye gari kila jioni, na kinachobaki ndicho chao. Gari jipya likija kwa mkopo mkubwa, je, kiasi kile kitapanda? Nani ataketi na mwenye gari kulizungumza?

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Wazee wetu wa reli waliyaona. Miaka ya 1960 injini za dizeli zilipoanza kuchukua mahali pa injini za mvuke, kila mtu alifurahi, kwa kuwa zilikuwa na nguvu na hazikusumbua. Lakini injini ya dizeli haina moto wa kuchochea wala boila ya kusafisha. Mchochea moto aliyepelekwa darasani aliweza kushika kazi mpya. Asiyepelekwa alibaki na ujuzi wa kitu ambacho hakipo. Tofauti baina ya hao wawili haikuwa akili. Mmoja alifundishwa mapema, na mwingine aliachwa.

Sasa jikoni. Hapa tunayo historia ya karibu, na ni historia ya bei. Februari mwaka 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, na bei ya makaa ikapanda. Mwaka huo huo mafuta taa yakaongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, kwa sababu wadanganyifu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Pengine sababu zote mbili zilikuwa njema. Lakini mtu aliyefukuzwa katika makaa, akafukuzwa katika mafuta taa, akimbilie wapi? Akimbilie gesi. Na mwaka 2021 gesi ya kupikia ikarudishiwa kodi ya VAT, kwanza 16 kwa mia, hata ilipoondolewa mwaka 2023. Hayo yalikuwa mambo ya Serikali kuu wala si ya jiji, lakini funzo ni lile lile. Ukimfungia mtu mlango mmoja kabla ya kumfungulia mwingine, hujampa nishati safi. Umemlaza njaa.

Tena makaa yana watu wake. Yuko mchomaji kijijini, yuko mwenye lori, na yuko mama anayeuza kwa mkebe kando ya njia. Huyo wa mkebe hayumo katika hesabu ya mtu yeyote.

Na jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado taka zinamwagwa pale. Mara kwa mara kumezungumzwa juu ya kuzigeuza taka kuwa stima. Vema. Lakini siku taka zitakapokuwa mali ya mtambo, jaa litawekwa ua na mlinzi mlangoni. Wale wanaookota chupa na vyuma wataitwa wezi wa kitu walichokitunza peke yao miaka yote hii, wakati hakuna aliyekitaka.

Huenda mtu akatuambia, "Ninyi mnaona matata tu." Sivyo. Yuko mfano mwema, na ni wa hapa hapa. Miaka ya 1980 lilitengenezwa jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo asili yake ni jiko la ndoo la Thailand. Leo limo katika nyumba nyingi za Kenya. Linatumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu la zamani. Lilienea kwa sababu wataalamu waliketi na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, na fundi aliyekuwa akigonga jiko la zamani ndiye aliyeligonga jipya. Moshi ulipungua na kazi ikabaki. Kama iliwezekana kwa nyundo na bati, itawezekana kwa betri na waya.

Kwa hiyo twasema wazi yale tunayoyataka kutoka kwa jiji.

Kwanza, wafanyakazi wawe na viti katika meza ya kupanga, tangu mwanzo. Katiba, katika Kifungu cha 10, imetaja ushirikishaji wa wananchi. Mara nyingi katika nchi hii ushirikishaji huo huwa mkutano wa saa tatu asubuhi siku ya kazi, kwa Kiingereza, juu ya kitabu kinene ambacho hakuna aliyekiona kabla. Twataka mpango uandikwe kwa Kiswahili, usomwe katika gereji, stendi na masoko, jioni watu watokapo kazini.

Pili, mafunzo yatangulie mashine. Fundi wa dizeli aingie darasani kabla basi la stima halijaingia barabarani, na ujuzi wa mikono upewe cheti.

Tatu, kila leseni na kila mkopo wa gari jipya uje na barua ya kazi ya dereva na makanga. Kifungu cha 41 chatupa haki ya kuwa na chama na kujadiliana na waajiri. Haki hiyo isiachwe katika gari la zamani.

Nne, jiko safi lipatikane kwa bei ya mfanyakazi, kwanza, ndipo la zamani likatazwe.

Tano, wachambuzi wa taka wawe wa kwanza kuandikwa kazi katika mtambo wowote utakaojengwa jaani.

Haya hayapatikani kwa kunung'unika katika mkahawa. Katika mkutano ujao wa tawi, kila mmoja alete habari za mahali pake. Ni mashine gani inayozungumzwa? Ni kazi ngapi zinaguswa? Nani amekwisha kuambiwa nini? Tutaziandika zote na kuzipeleka jijini kwa sauti moja, kabla ya mpango kupigwa mhuri. Ukiisha kupigwa mhuri tutaambiwa tumechelewa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu bado ni mdogo, ndugu. Njooni tuuzibe.