Mvua Zimerudi Likasi: Usianze Safari Alasiri

Mvua za kwanza zimeanza kupiga mabati ya Kikula na Panda. Kuanzia sasa hadi Aprili, kila anayepanga safari kutoka Likasi afikirie saa ya kuondoka kabla ya kufikiria nauli na mzigo. Unakwenda Lubumbashi, Kolwezi au Mitwaba? Toka alfajiri. Jua likifika utosini ungali kituoni, na mawingu yameanza kujikusanya, rudi nyumbani ulale, uondoke kesho.

Mvua ya huku kwetu ina saa zake. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Jua la asubuhi hupasha ardhi iliyolowa, mvuke hupanda, na baada ya adhuhuri wingu hupasuka. Upepo mkali hutangulia, kisha maji na radi huja pamoja. Mwezi wa Desemba na wa Januari, ukanda huu hupata kwa kawaida zaidi ya milimita 200 za mvua kila mwezi, na nyingi humwagika kwa kishindo katika saa chache za alasiri na jioni. METTELSAT, shirika la taifa la hali ya hewa, linaweza kutangaza kwamba mkoa utapata mvua za radi. Haliwezi kukuambia ni kona ipi ya barabara itakayofurika. Ndiyo maana saa ni kinga bora kuliko utabiri.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaamini tumesafiri asubuhi, kumbe sivyo. Mama anafika kituoni kukiwa bado giza, anakata tikiti, anapakia magunia yake. Gari haliondoki mpaka lijae. Kondakta anasema wamebaki watu wawili tu, na saa moja baadaye wamebaki wawili walewale. Linapotoka mjini ni mchana, na dereva, aliyekwisha kupoteza nusu ya siku, anakanyaga mafuta ili afidie. Hapo ndipo mvua inapowakuta: gari limejaa kupita kiasi, matairi yamekwisha, na mtu wa usukani ana haraka. Abiria, mna nguvu kuliko mnavyodhani. Kabla ya kulipa, ulizeni gari litaondoka saa ngapi hata kama halijajaa. Mkilipa, kubalianeni kwamba saa hiyo ikipita pesa inarudi. Mmoja akidai peke yake atatukanwa. Wakidai watu kumi, dereva atasikia.

Barabara ya taifa namba 1, kilomita zipatazo 120 hadi Lubumbashi, ina lami, na lami hiyo inatudanganya. Kwa miezi ya kiangazi imekusanya vumbi, mafuta ya dizeli na unga wa madini ulioanguka kutoka kwenye malori. Mvua za kwanza hugeuza uchafu huo kuwa utelezi, kabla mvua nyingi hazijauosha. Wiki hizi za mwanzo, punguza mwendo hata kama matone ni machache.

Kisha angalia vilivyo barabarani. Lori la shaba likiharibika, dereva hukata matawi ya miti na kuyatandaza kwenye lami, hatua chache nyuma ya gari. Ndiyo alama yetu ya hatari, na wakati wa jua inatosha. Ndani ya mvua, gizani, tawi lililolowa juu ya lami iliyolowa halionekani mpaka uwe juu yake, na nyuma yake kuna tani nyingi za chuma zisizo na taa. Pembeni wanapita wauza makaa, kila mmoja akisukuma baiskeli yenye magunia marefu kuliko yeye mwenyewe. Naye hana taa, na mvua ikizidi huinamisha kichwa, hatazami nyuma. Hawa ni baba zetu na kaka zetu. Dereva anayekimbia alasiri hahatarishi abiria wake peke yao.

Na malori ya asidi, kaeni mbali nayo. Februari 2019, karibu na Tenke, lori lililobeba asidi ya salfa liligongana na magari mengine, na watu wapatao 20 walikufa. Lori la namna hiyo likipinduka mbele yenu, msisogee kuokota wala kutazama, na msikanyage maji yanayotiririka kutoka hapo.

Njia za udongo ni shauri jingine. Huko Mitwaba na Manono gari linaweza kukwama siku kadhaa, na daraja la magogo lililokuwa salama jana leo limelegea. Usiamini habari za juzi. Muulize aliyefika leo kutoka huko. Mto ukipita juu ya barabara, simameni. Maji yanayokwenda kasi, yakifika goti, humwangusha mtu mzima. Sentimita 60 hutosha kuliinua na kuliburuta gari. Najua safari nyingi za ghafla za msimu huu ni za kilio. Ndugu hupiga simu, watu hupanda juu ya mzigo wa lori lolote linaloondoka, usiku au mchana. Nawaomba wazee wa familia waseme waziwazi kwenye simu hiyo kwamba anayechelewa kwa ajili ya mvua hatalaumiwa. Neno hilo likitoka kwa mkubwa, kijana hatavuka mto uliofurika kwa kuogopa aibu.

Barabara ikiwa tope, wengine hukimbilia treni za mizigo. Machi 2022, huko Buyofwe upande wa Lubudi, treni ya mizigo iliyokuwa imebeba watu kinyume cha sheria iliacha reli na mabehewa yakatumbukia bondeni. Waliokufa walizidi 70. Usipande, na usimpandishe mtoto wako, hata kama mlinzi amekubali hongo.

Radi ikikukuta njiani, hesabu tangu mwanga hadi ngurumo. Chini ya sekunde 30, iko karibu kiasi cha kukuua. Ndani ya gari lenye paa la chuma, madirisha yamefungwa, uko salama. Juu ya lori la wazi, kwenye pikipiki au chini ya mti, hapana. Mwenye pikipiki asimame kwenye nyumba imara ya kwanza atakayoiona, abishe hodi, asubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Nanyi mnaoishi kando ya barabara, akibisha mgeni aliyelowa, mfungulieni.