Mzungu na Kuzunguka: Ushahidi wa Tarime na Serengeti

Ni nadra kupata etimolojia iliyoota mizizi katika madarasa yetu kama ile isemayo kwamba nomino mzungu imetokana na kitenzi zunguka. Wageni hao, tunaambiwa, waliitwa hivyo kwa kuwa walionekana wakizunguka nchini bila makazi. Maelezo haya hurudiwa pasi na kuhojiwa, na ukiwa Mugumu utaongezewa hata watalii kuwa mashahidi: si wanazunguka mbugani kutwa kucha? Maoni yangu ni kwamba maelezo hayo hayana msingi wa kutosha, na kwamba lugha za Tarime na Serengeti, ambazo ni mara chache huombwa ushahidi, zinatusaidia kuliona hilo.

Tuanze na umbo. Kiini cha zunguka ni zungu, ambacho hupokea -ka na -sha, kama geu inavyotupa geuka na geuza. Linganisha kizunguzungu na kigeugeu: katika maneno yote mawili kiini kimerudufiwa bila -ka. Aidha, jina la mtenda litokanalo na kitenzi kwa kawaida huishia kwa -i au -ji, kama mpishi, mwizi na msomaji. Azungukaye ni mzungukaji. Kwa upande mwingine, Kiswahili kina mzungu wa ngeli ya M-MI, ambao kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliusajili kwa maana ya jambo la ajabu, werevu au hila, na ambao wingi wake, mizungu, unafahamika vyema kwa wajuzi wa jando na unyago. Mtu mwenye vyombo na mbinu za ajabu kuitwa kwa jina la ajabu lenyewe, kisha jina hilo likahamia ngeli ya M-WA, ndiyo njia ninayoiona fupi zaidi. Huenda mizungu na zunguka ni ndugu wa shina moja, lakini undugu si uzazi.

Mkoa wa Mara unaingiaje hapa? Kikuria hakina fonimu /z/. Neno hili hutamkwa kwa s, likavishwa kiambishi cha lugha hiyo, omo- au umu-. Ng'ambo ya mpaka, Kisii kina omosongo, wingi wake abasongo. Kikikuyu, ambacho nacho hakina s wala z, kina mũthũngũ, kwa th ile ile iliyoigeuza sabuni kuwa thabuni. Hizi ni nyayo za ukopaji: neno limefika likiwa nomino kamili, likarekebishwa kwa sauti za wenyeji. Kwa hiyo Mkuria anayelieleza kwa kuzunguka anafafanua neno alilolipokea, hatoi kumbukumbu ya jinsi lilivyozaliwa.

Majirani wao wanalithibitisha hilo kwa njia nyingine. Wajaluo wa Rorya, ambayo hadi mwaka 2007 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime, husema odiero. Wamasai walio mashariki ya Serengeti husema olashumpai. Lugha hizi mbili si za Kibantu, nazo zilimpa mgeni huyo huyo majina yasiyohusiana kabisa na -zungu. Walioazima ni wale ambao ngeli zao zililipokea neno bila taabu.

Waliolileta ni akina nani? Oscar Baumann aliondoka Tanga mwaka 1892, akapita Ngorongoro na Serengeti hadi ziwani, akiwa na wapagazi wa pwani. Baadaye Wajerumani walijenga boma Ikoma, na askari wao walisema Kiswahili. Naona ni vigumu kuamini kwamba wenyeji walisubiri kumwona mgeni akizunguka ndipo wambatize, ilhali wasafiri wenzake walikuwa wakimtaja kwa jina hilo masikioni mwao. (Wayoruba nao wana òyìnbó, lenye visa vingi vya asili yake, kila jamii hupenda kujisimulia kwamba iliita kile ilichokiona.)

Lipo jambo la pili, nalo linanikera zaidi. Mwanafunzi wa Tarime asemaye musungu husahihishwa, na mara nyingine huchekwa, kana kwamba s hiyo ni uzembe wa ulimi. Kumbe ni hati ya historia, ambayo mwanaisimu angelipa nauli ya basi hadi Sirari kwenda kuisoma. Kamusi zetu hutaja Kiarabu kila neno linapotoka huko, lakini maneno yaliyotoka pwani kwenda bara hayana daftari. Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kikabwa na Kisimbiti hulitamkaje neno hili? Irabu ya shina ni u, kama ya pwani, au ni o, kama ya Kisii? Pale u inapokoma na o kuanza, huenda ndipo zilipokutana njia mbili za neno, moja ya Ikoma na nyingine ya ziwani. Swali hilo latosha tasnifu moja ya uzamili, na wazee wa kulijibu bado wapo vijijini.