Ugonjwa ulikwisha, kilio hakijakwisha

Tunasikia wazazi wengi wakisema: «Ebola ilikwisha zamani. Vijana husahau upesi.» Neno hilo sisi tunalikataa.

Tukumbuke mambo yenyewe. Tangu mwezi wa nane 2018 hata mwezi wa sita 2020, ugonjwa huo uliua watu 2.287, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Huko Mangina, Beni na Butembo, mtoto aliona mama yake akichukuliwa na watu waliofunikwa toka kichwa hata miguu, wala mama hakurudi. Jamaa hawakuosha maiti, walisimama mbali na kaburi. Mwezi wa tatu 2020 ikaja Korona: nyumba za masomo zikafungwa, na makanisa vilevile. Ni nani aliyebaki kumliwaza mtoto yule?

Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule, leo ni kijana. Anashtuka usiku, anaogopa hospitali, anakasirika bure. Na sisi watu wazima twasema nini? Mmoja asema: ni mvivu. Mwingine asema: ana pepo, apelekwe chumba cha maombi. Je, aliyevunjika mguu tungemwita mvivu? Jeraha la moyo ni jeraha kweli, nalo hutibika.

Wengine watajibu kwamba vita vimetuumiza sisi sote. Ni kweli. Lakini mzigo ukiwekwa juu ya mzigo, haupunguzi uzito wa ule wa kwanza.

Tuwatazame waliopona. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imeushinda ugonjwa, baadhi yao waliwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Hata hivyo, wengine waliporudi mitaani walikimbiwa na majirani. Hiyo ni aibu yetu, wala si yao.

Basi, wazazi, ketini na watoto wenu, mtaje majina ya marehemu bila hofu. Kila shirika liwape vijana nafasi ya kusema, na wakubwa wasikilize pasipo kukemea. Anayezidi kuumia apelekwe kwa mganga wa hospitali. Kufanya hivyo si kukosa imani.

Yezu alijua kwamba atamfufua Lazaro, hata hivyo alimlilia. Sisi ni nani basi, tuwakataze watoto wetu machozi?