Hata Hali ya Hatari haikuua klabu za shule, mbona sisi tunaziua?

Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Kwa ratiba iliyobandikwa ukutani katika shule niliyosoma, shule ya kutwa hapa Kitui, hiyo ilikuwa saa ya klabu. Ukweli ni kwamba ilikuwa saa ya hisabati. Klabu yetu ya mdahalo ilikutana mara mbili tu nikiwa kidato cha pili. Halafu kukazuka fujo kidogo kuhusu chakula cha mchana, na Jumatatu iliyofuata tukatangaziwa gwarideni kwamba klabu zote zimesimamishwa "mpaka hali itulie." Nilimaliza kidato cha nne 2018. Hali ilikuwa bado haijatulia, bana.

Nimeikumbuka Ijumaa hiyo kwa sababu juzi nilimaliza kusoma In the House of the Interpreter, kitabu cha kumbukumbu ambacho marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikichapisha 2012. Anaeleza miaka yake katika Shule ya Upili ya Alliance, kule Kikuyu, kuanzia 1955 hadi 1958. Hebu pigeni picha ya wakati wenyewe. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vyenye walinzi. Shule za kujitegemea za Wakikuyu zilifungwa. Ngũgĩ anarudi nyumbani Limuru baada ya muhula wake wa kwanza, anakuta kwao hakupo tena, kijiji kimebomolewa. Kakake yuko msituni na Mau Mau.

Na huko shuleni? Klabu zinaendelea. Kuna mdahalo, kuna skauti, kuna chama cha Wakristo, kuna sataranji. Kila mwaka wanafunzi wanaigiza mchezo wa Shakespeare. Vita viko nje ya ua, lakini saa ya klabu haiguswi.

Kuna kisa kimoja kilichonifanya nifunge kitabu kwanza nipumue. Mada ya mdahalo ni kama elimu ya Kimagharibi imemdhuru Mwafrika kuliko kumfaidi. Ngũgĩ anasimama, ameshika penseli. Anawauliza wenzake: mtu akija kwako, achukue shamba lako, kisha akupe penseli, hiyo ni biashara ya haki? Yeye afadhali abaki na shamba lake. Sasa fikirieni kijana huyo angesema maneno hayo barabarani Limuru, mbele ya askari na walinzi wa kijiji. Ndani ya klabu, alisema, akajibiwa, akaketi.

Nisieleweke vibaya. Simpambi mzungu. Mwalimu mkuu wa Alliance, Carey Francis, aliwapinga Mau Mau waziwazi, na klabu zile zilikusudiwa kuwalea vijana wenye nidhamu ya kuitumikia serikali. Lakini ukishampa kijana wa miaka 17 nafasi ya kusimama na kujenga hoja, huwezi kumpangia hoja itakayotoka.

Serikali ya mkoloni ilijua vizuri nguvu ya watu kukutana. Sisi wa Ukambani tunapaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka hili. Mwaka 1938, Wakamba kutoka Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa na Makueni ndani yake, waliandamana hadi Nairobi wakipinga kunyang'anywa mifugo. Chama chao, Ukamba Members Association, kiliongozwa na Muindi Mbingu. Mkoloni alimpeleka Muindi uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha akaacha kuwalazimisha watu wapunguze ng'ombe. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, serikali ikapata kisingizio. Mei 1940 ilipiga marufuku chama hicho pamoja na Kikuyu Central Association na Taita Hills Association, na viongozi wakakamatwa.

Kwa hivyo vyama vya watu wazima vilifungwa kwa kisingizio cha vita, lakini klabu za wanafunzi ziliachwa hata vita vilipofika mlangoni. Nadhani mkoloni aliziona kama mchezo wa watoto. Alikosea, na kosa lake likatusaidia.

Leo hatuna mkoloni wala Hali ya Hatari, na bado klabu ndizo za kwanza kukatwa. Fujo kidogo, zimefungwa. Mitihani imekaribia, zimefungwa. Mwalimu mlezi akihamishwa, klabu inahama naye. Na pale wanafunzi wanapofanikiwa kusema jambo zito, tunashtuka. Aprili 2025 wasichana wa Butere walizuiwa kuigiza Echoes of War katika tamasha la drama. Mahakama ikaagiza waruhusiwe. Walipofika Nakuru, waliimba wimbo wa taifa wakaondoka, na vitoa machozi vikafyatuliwa. Vitoa machozi, jamani, kwa klabu ya drama!

Halafu kuna wenzetu ambao kwao neno vita si la vitabuni. Mashariki mwa Kitui, sehemu kama Mutha na Tseikuru, mizozo kati ya wakulima na wafugaji wa ngamia imeua watu na kuwafukuza wengine makwao. Mtoto aliyelala akisikiliza milio ya risasi akifika darasani kesho yake, anapewa nini? Anapewa fizikia, na ni sawa, anaihitaji. Lakini anahitaji pia saa moja ya kukaa na wenzake na kuyasema yaliyo moyoni, kwa shairi, kwa igizo, kwa mdahalo, au hata kwa kunyamaza mbele ya ubao wa sataranji. Anahitaji mahali ambapo mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji wanaweza kubishana bila panga. Klabu inafanya kazi hiyo, na haihitaji hata maabara.

Najua walimu watasema nini. Hawatoshi, wamechoka, na wazazi wanauliza alama. Ni kweli kabisa, na siwalaumu. Lakini tunawapokea Gredi ya 10 wakiwa na mtaala unaohubiri vipaji na umilisi. Huwezi kuhubiri vipaji Jumatatu, kisha Ijumaa ukageuza saa ya klabu kuwa marudio ya mtihani.

Ombi langu kwa shule za Kitui na Makueni ni dogo. Saa ya klabu iliyoandikwa kwenye ratiba iheshimiwe kama somo lingine lolote. Wanafunzi wachague mada zao wenyewe, hata zile zinazowasha kidogo. Na fujo zikitokea, klabu ya mdahalo iwe ya kwanza kuitwa. Mwanafunzi aliyenyimwa mahali pa kusema hanyamazi, anatafuta njia nyingine ya kusikika, na Kenya tumeona njia hizo zinavyoishia kwenye majivu.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliniishinda. Hesabu nyingi za darasani nimesahau. Lakini ile mikutano miwili ya mdahalo nakumbuka kila kitu: nani alisema nini, nilivyotetemeka magoti, na nilivyogundua kwamba naweza kumpinga mtu na bado tukatembea pamoja kwenda nyumbani. Ninachokifanya hapa kila wiki nilianza kukijifunza siku hizo mbili.

Mikutano miwili tu. Wenzangu mlio shuleni sasa, mnastahili zaidi ya hiyo. Ijumaa hii saa tisa na nusu ikifika, nendeni mkaidai saa yenu. Kwa heshima, lakini mwidai.